Chakula cha Watoto ni Kazi ya Nyumba Nzima

Mkoa wa Singida una msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na kiangazi chake ni kirefu. Kwa sababu hiyo wazee wetu walijifunza tangu zamani kuanika mlenda na majani ya kunde wakati wa neema, ili ukame usiwakute mikono mitupu. Elimu hiyo ingali yatufaa.

Siku hizi nyumba nyingi za wafanyakazi hufungwa asubuhi, baba na mama wakaenda kazini. Jioni mtoto mchanga hulia njaa, na maharage ndiyo kwanza yanabandikwa jikoni. Mwenye friza aweza kuyachemsha Jumapili na kuyagandisha kwa mafungu ya siku moja moja. Asiye nayo anao mlenda mkavu, ambao huiva upesi na kuungwa kwa karanga.

Lakini kazi hii isiwe mzigo mwingine juu ya kichwa cha mama. Kujenga kichanja, kuanika mboga kivulini ili jua kali lisiharibu vitamini, na kuchambua maharage ni kazi ya mwanamume pia.

Uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 nchini, walio chini ya miaka mitano, wamedumaa. Sababu zake ni nyingi, na lishe duni ni mojawapo.

Ndugu wanachama, anayehimiza maendeleo mkutanoni na ayaanzie jikoni kwake.