Bomu halilindi mtu, wasee

Kuna hii stori haiishi kwenye base, kuanzia Kawangware 46 hadi Olympic pale Kibera: eti Afrika itaheshimika siku tutakuwa na bomu letu la nyuklia. Huwa inasemwa kwa sauti ya mtu ameshashinda mjadala. Mimi chuo niliacha, lakini hesabu hii haitaki digrii.

Mwaka 1994, pale Budapest, Ukraine ilikubali kuachana na silaha za nyuklia ilizorithi kwa Muungano wa Kisovieti. Urusi, Marekani na Uingereza zikaweka sahihi kwamba zitaheshimu mipaka yake. 2014 Urusi ikachukua Crimea. Februari 24, 2022 vifaru vikaingia. "Si unaona? Wangebaki nayo!" Tulia kwanza. Mamlaka ya kuzifyatua yalikuwa Moscow, si Kyiv. Na hata ukiwa nayo kabisa, India na Pakistan zote zina bomu na bado Mei 2025 zilirushiana makombora. Halafu Agosti 2024 Ukraine, isiyo na bomu hata moja, ikaingia Kursk, ndani ya Urusi kwenyewe.

Sasa bomu hufanya kazi gani? Siku 3 baada ya uvamizi, Putin aliweka vikosi vyake vya nyuklia kwenye tahadhari. Ukraine haikuacha kupigana. Walioingiwa na baridi ni waliotaka kusaidia: NATO ikakataa kufunga anga, vifaru na ndege zikaja mwendo wa kobe. Wewe unajua vile mtaani inaendaga. Jambazi mwenye bastola hatishi anayeibiwa peke yake, anatisha majirani wasifungue mlango. Na huwezi kumzuia kwa kumtishia, kwa sababu anajua hakuna mtu yuko tayari kufa naye.

Maneno nayo tulijaribu. Februari 21, 2022 balozi wetu Martin Kimani aliambia Baraza la Usalama kwamba mipaka yetu Waafrika ilichorwa London, Paris na Lisbon, na bado tulichagua kuishi nayo badala ya kumwaga damu. Hotuba kali, dunia nzima ilishare. Siku 4 baadaye azimio lilipopigiwa kura, Urusi ikatumia turufu, kwisha.

Bili ikaletwa mtaani. Ngano yetu nyingi hutoka nje, na sehemu kubwa ilikuwa ya Urusi na Ukraine. Sawa, kulikuwa na ukame na mafuta pia yalipanda, siwezi kusema ni vita pekee. Lakini chapo ya ashu ilianza kupotea, na ile iliyobaki ilikuwa unaona mwanga upande wa pili. Mama wa kibanda ndiye alitukanwa na wateja.

Na siku hizi hawataki pesa zetu tu. Novemba 2025 Musalia Mudavadi, anayesimamia wizara ya mambo ya nje, alisema Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia jeshi la Urusi. Wengine waliahidiwa kazi za kawaida kabisa. Nchi yenye vichwa vya nyuklia zaidi ya 5,000 inatafuta askari wa miguu kwetu! Wewe unayesema bomu linatosha, niambie basi, hao maajenti wanamtafutia nini kijana wa Kawangware?