Kompyuta ya sebuleni Newala haihitaji feni

UE zimeisha, nusu ya hosteli imeshahama, na sisi watu wa Kusini tunahesabu siku za kupanda basi. Kabla sijafunga begi nina la kusema, maana naona kila mshkaji anayerudi nyumbani amekumbatia CPU kubwa ya mtumba. Ukimuuliza anakwambia anakwenda kuwafungia wazee sinema ya sebuleni. Nia ni nzuri sana. Mashine ndiyo siyo.

Msimamo wangu ni huu, na mnaruhusiwa kunipinga: kwa nyumba za Masasi na Newala, kompyuta ya kuangalizia muvi isiwe na feni hata moja. Na kasha lake lisiagizwe mbali. Litengenezwe na fundi wa madirisha ya alminiamu aliyepo pale pale mjini.

Tuanze na feni yenyewe. Kazi yake ni kuvuta hewa ya nje na kuipitisha juu ya vitu vya moto. Sasa hewa ya kwetu ina nini? Kwanza vumbi. Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ni kama kilomita 210, na kwa miaka mingi sehemu yake kubwa ilikuwa vumbi tupu. Aliyepita pale nyuma ya lori la korosho hahitaji maelezo.

Pili, na hapa ndipo wenzetu wa Dar hawatuelewi, kuna SALFA. Mkorosho una ugonjwa unaitwa ubwiri unga, unashambulia majani machanga na maua. Dawa yake ya miaka yote ni unga wa salfa. Kiangazi kikiingia watu wanabeba pampu za injini mgongoni wanapuliza mashambani. Unga ule ni mwepesi, upepo unauchukua, na Newala mikorosho iko mpaka nyuma ya jiko. Sasa salfa na shaba hazipatani, na fedha ndiyo kabisa. Zikikutana na unyevu kidogo tu, chuma kinakuwa cheusi, na miguso ya umeme inaanza kuleta matatizo ya leo inawaka kesho haiwaki. Feni ni nini basi? Ni pampu ya pili, inapuliza salfa ndani ya kompyuta ya baba yako.

Jamani, hili siyo suala la ushamba wala ufahari, ni suala la pesa inayopatikana mara moja kwa mwaka. Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, mkulima anauza kupitia chama chake cha msingi, Tanecu upande wa Newala na Tandahimba, Mamcu upande wa Masasi. Pesa ikiingia ndipo linanunuliwa bati, ada, TV, sabufa. Mashine ikifa mwezi wa saba, hakuna mshahara wa mwisho wa mwezi wa kuifufua. Inafunikwa kitambaa hadi msimu ujao. Na humo humo ndimo mdogo wako wa kidato cha nne ameweka notsi zake na mitihani iliyopita.

Halafu kelele. Feni iliyojaa vumbi inazunguka kwa kasi zaidi, inaunguruma. Mjomba wangu wa Newala alisikiliza mashine ya aina hiyo akasema, "Mjomba, hii mashine yenu ina pumu." Kwenye nyumba zetu sebule ndiyo ukumbi wa muvi, ndiyo darasa, na usiku wageni wakija ndiyo chumba cha kulala. Mashine ikinguruma watu wanaongeza sauti ya sabufa wamsikie mtafsiri wa muvi, bibi chumbani anageuka geuka, na anayesoma anatoka nje na tochi ya simu. Ukimya siyo anasa ya Wazungu, wadau. Unahitajika zaidi kwenye nyumba ya vyumba vitatu yenye watu tisa.

Sasa mtauliza, bila feni joto litakwenda wapi? Swali zuri. Linatokea kwenye ukuta wa kasha. Wazo hili siyo jipya. VIA ya Taiwan ilileta bodi ndogo za Mini-ITX mwaka 2001, sentimita 17 kwa 17, na baadhi ziliendeshwa bila feni. Zalman ya Korea Kusini ikauza kasha la TNN 500A ambalo kuta zake za pembeni zilikuwa mapezi ya kupooza. Tatizo la enzi zile prosesa zilikuwa zinakula umeme kama pasi. Leo prosesa ya Intel N100, iliyotoka mwaka 2023, imepangiwa wati 6 tu, na inafungua video za kisasa bila kutoa jasho.

Tupige hesabu ya haraka. Chukua kasha la alminiamu la sentimita 25 kwa 20, kimo 6. Kuta zinazoguswa na hewa, ukihesabu nusu tu ya upande wa chini, ni kama mita za mraba 0.13. Ukuta uliopakwa rangi, hewa ikiwa imetulia, unatoa kama wati 10 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Kwa hiyo kasha zima linatoa wati 1.3 kwa nyuzi moja. Mashine nzima ikila wati 15, kasha litazidi joto la chumba kwa nyuzi kama 12. Ikikazana hadi wati 65, litazidi kwa nyuzi 50!

Sasa weka hesabu hiyo nyumbani. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, jioni inaita sweta. Masasi iko chini, imezungukwa na majabali yanayoota jua kutwa. Chukua chumba cha nyuzi 34 pale Masasi kabla ya mvua. Mashine ya wati 15 kasha lake litafika nyuzi 46, unalishika vizuri tu. Ya wati 65 litafika 84, mtoto akiligusa mnakwenda Mkomaindo. Kwa hiyo anayetengeneza apime kwa joto la Masasi, asidanganywe na baridi ya Newala.

Ndiyo maana nasema fundi wa madirisha. Ana alminiamu, ana msumeno, ana drili, anajua kona iliyonyooka. Mpelekee bodi akuone, mwambie mambo manne tu. Moja, kasha lisiwe na tundu zaidi ya pa kuchomekea nyaya, na hapo pazibwe vizuri. Mbili, prosesa igusane na ukuta kupitia pande nene la alminiamu na pesti ya joto, kwa sababu hewa iliyofungiwa ndani haipoozi kitu. Tatu, mapezi ya nje yasimame wima na yaachane kama upana wa kidole, ili hewa ya moto ipande yenyewe. Nne, lipakwe rangi, maana alminiamu inayong'aa inatoa mnururisho kidogo sana wa joto. Ndani weka SSD, kitu kisichozunguka. Adapta ikae nje kama ya laptop, umeme wa volti 230 usiingie kabisa kwenye kasha.

Najua kuna watakaosema, "Sisi Wamakonde, tuchonge kasha la mpingo bwana, lipendeze." Nawapenda kwa hilo. Lakini alminiamu inapitisha joto mara mia kadhaa kuliko mti. Kasha la mpingo ni blanketi. Uso wa mbele ukitaka uwe wa mpingo au mninga sawa, kuta nyingine ziache.

Na kuna adui mwingine mpole zaidi: vitambaa vya kufuma. Mama atalifunika, hakika. Mwelezeni kwa adabu kabla hamjaondoka kwamba hiki kitu kinapumua kwa ngozi. Wala lisifungiwe kwenye kabati la TV.

Faida ya juu: umeme ukikatika. Betri ya sola ya volti 12, Ah 100, ukitumia nusu yake tu una Wh 600. Kompyuta ya wati 15 na TV ya wati 40 zinakwenda kama saa 10. Ila weka kidhibiti cha volti katikati, maana betri ikiwa inachajiwa inapanda kupita 14.

Wanaocheza gemu nzito na wanaohariri video za harusi, hii haiwafai, nakubali. Ninyi bakini na feni zenu na brashi ya kusafishia. Lakini mzee wa Newala anataka muvi, taarifa ya habari na mpira aliorekodiwa. Kumpelekea mashine ya wati mia na ushee ni kumuuzia trekta mtu mwenye bustani ya mchicha.

Tumesomeshwa kwa korosho wadau, wengi wetu. Basi tukirudi nyumbani na kompyuta, iwe inayoweza kuishi karibu na mkorosho.

Nawasilisha. Mwenye hoja atoe, nipo hosteli hadi Ijumaa.