Msituambie "Mwaka Huu Mbaki Tu"

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu yangu huanza kupokea maneno ya upole. "Mwanangu, mwaka huu mbaki tu huko huko Dar, msihangaike na mtoto." Anasema shangazi, anasema mama mdogo, na wote nia yao njema. Mwanangu ana miaka saba na ana usonji. Mimi ni mwanafunzi mwenzenu wa mwaka wa tatu, na kabla hamjafunga mabegi nina neno moja: maneno hayo, hata yakisemwa kwa upole, yanamtoa mtoto kwenye familia siku ile ambayo familia inajihesabu.

Tuelewane kwanza. Usonji si pepo, si malezi mabaya, wala hauletwi na simu. Ni namna ubongo ulivyokua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa nao, kwa hiyo ukoo mkubwa kama ya kwetu mingi ilivyo, si ajabu ukawa na wake. Hawafanani. Wapo wanaoongea sana na wasioongea kabisa. Lakini wengi wao wanahitaji kujua nini kinafuata baada ya nini, na wengi sauti, harufu au nguo huwasumbua kuliko inavyotusumbua sisi.

Sasa itazame Idi kwa macho hayo. Ramadhani huwa na siku 29 au 30, na usiku wa kuamkia ile ya 30 nchi nzima inasubiri mwezi. Sisi wengine tunaona raha: ukiandama kesho Idi, usipoandama tunafunga tena. Kwa mwanangu hiyo si raha hata kidogo. Kwa hiyo siku kadhaa kabla nachora karatasi mbili. Moja ina mwezi, kanzu, msikiti na safari ya kwa bibi. Ya pili haina mwezi. Ina uji, katuni zake na kulala mapema. Tunazibandika ukutani zote mbili, na tangazo likitoka tunabandua moja. Idi kubwa ndo inanipa pumzi, maana huangukia tarehe 10 ya Mfungo Tatu. Mwezi ukishaandama tuna siku za kutosha za kuhesabu pamoja.

Halafu kuna siku yenyewe. Kanzu mpya ina wanga na lebo inayokwaruza shingoni. Uani kuna spika. Wajomba wanashuka kwenye gari kwa mkupuo, kila mmoja anataka shikamoo, anataka mkono, anataka amnyanyue juu. Pilau ina vitu vingi ndani ya sahani moja, naye anakula wali mweupe. Akiziba masikio akapiga kelele, utasikia, "Huyu umemdekeza." Na siku hizi kuna lingine baya zaidi: kijana anatoa simu, anarekodi, jioni mtoto yuko kwenye status za watu.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Watu thelathini wamesafiri, wamechanga, wanataka kufurahi. Kwa nini wote wabadilike kwa ajili ya mtoto mmoja? Jibu langu ni kwamba tunabadilika kila mwaka wala hatuhesabu. Babu ana presha, basi chumvi inapunguzwa. Mama mkubwa ana kisukari, chai yake inawekwa pembeni bila sukari. Bibi akisema kichwa kinamgonga, spika inazimwa bila mjadala. Hakuna aliyewahi kumwambia bibi abaki nyumbani ili watu wafurahi. Kwani huyu mtoto ndiye anaanza kuwa mzigo?

Na tunachoomba si kikubwa. Chota wali kabla hujatia viungo. Acha chumba kimoja kisiwe na wageni, mlango ufungwe, ajue ndipo pa kukimbilia. Kanzu ifuliwe mara mbili tatu ilainike. Mtoto asipotazama mtu usoni au asipotoa mkono, pokea hata kupunga. Sisi tumeamua pia kwenda Idi pili, wageni wakishapungua, na hatukai hadi usiku. Hakuna hapo kitu cha kumaliza bumu la mtu.

Kwa nini nawaambia ninyi badala ya shangazi? Kwa sababu mimi nikisema, naonekana natetea mwanangu. Wewe ukisema, nyumbani wanasikiliza. Ndiye msomi wao. Kila kitu wanakuuliza, kuanzia dawa ya mbuzi mpaka jinsi ya kurudisha laini iliyofungwa. Mjomba akianza habari za majini pale barazani, una nafasi ya kumjibu kwa heshima, na binamu zako wadogo watakuiga wewe kabla ya kuniiga mimi. Na yule anayerekodi ni wa rika lako. Mwambie afute.

Nchi hii ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu tangu mwaka 2010, na ni jambo jema. Lakini sheria haiwezi kuingia uani kwa bibi siku ya Idi kupunguza spika. Hiyo ni kazi ya mtu wa nyumbani.

Kwa hiyo ukifika kwenu, kama kuna dada au kaka mwenye mtoto wa namna hii, mpigie kabla ya sikukuu. Usimuulize kama atakuja. Muulize atafika saa ngapi, mtoto anakula nini, na chumba gani kiachwe wazi.