Mambo ya Nyumbani: Mkate Ukikataa Kuvimba

Mwezi huu tuongee juu ya vitu vinavyoharibika nyumbani. Ni yale mambo madogo: mkate umekataa kuvimba, lengalenga imekauka mbele ya kuchumwa, bati linavuja juu ya kitanda. Kila nyumba inayajua, iwe ya Kalima, ya Punia, ya Kampene au ya hapa kwetu Kindu. Lakini nyuma ya mambo haya madogo kunajificha hatari moja kubwa, na ni kwa sababu ya hiyo nimeshika kalamu.

Kitu kikiharibika, kuna maulizo mawili. La kwanza: “Ni kitu gani kimefanya hivi?” La pili: “Ni nani amefanya hivi?” Mwenye kuanza na la kwanza, mara nyingi anapata jibu, na kesho yake anatengeneza. Mwenye kuanza na la pili anapata adui ndani ya nyumba, na mkate unabaki bapa vilevile.

Hapa Alunguli, upande wa kuume wa Lualaba, mama wengi wanasomesha watoto kwa furu ya udongo iliyo nyuma ya nyumba. Mama mmoja wa kazi hiyo, bwana yake yuko kwenye machimbo ya zahabu, alimpokea mtoto wa dada yake marehemu, kijana wa miaka tisa. Ndani ya mwezi mmoja mambo matatu yakamwangukia. Mikate ilikataa kuvimba mara mbili, unga na kuni vikapotea bure. Lengalenga yake ikaungua majani. Kisha mvua ya usiku ikalowesha gunia la mchele. Jirani akasema kwa sauti kile wengine walichokuwa wanawaza: “Mama, tangu huyu mutoto aingie humu, ulishaona kitu kinaenda muzuri?”

Siku ile mtoto akaambiwa alale jikoni, asiguse tena unga. Niliposikia habari, nilikuta mpango umekwisha kufanywa: atapelekwa kwa mtu wa kumwombea, afungishwe siku tatu bila chakula wala maji. Mtoto wa miaka tisa, ndugu zangu.

Sikuanza na mahubiri. Tuliita koko mmoja aliyezeeka katika kazi ya mikate, pamoja na seremala wa mtaa, tukauliza lile ulizo la kwanza, jambo moja kisha lingine.

Kwanza mkate. Koko hakutazama mtoto, alitazama rafu. “Levire unaweka wapi?” Ilikuwa juu ya mbabula, paketi imefunguliwa tangu wiki nyingi, imefungwa na uzi. Koko akatikisa kichwa. Levire ni kitu chenye uzima. Joto, hewa na unyevu vinaiua polepole, na hapa kwetu vyote vitatu havikosi. Maji ya moto nayo yanaiua mara moja: kupita digrii 55 hivi haiponi.

Kwa hiyo, mama msomaji, ijaribu mbele ya kuharibu unga wote. Chukua kikombe cha maji yenye joto la kuogesha mtoto mchanga. Tia kijiko cha levire na sukari kidogo, ngoja dakika kumi. Ikitoa povu, iko hai. Ikikaa kimya chini ya kikombe, imekufa, na hakuna maombi yatakayoifufua. Nunua paketi ndogo za gramu 11, ukifungua moja uimalize. Ile kubwa, ukiifungua, itie ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, mbali na moto. Chumvi usiimwage juu ya levire, changanya kwanza ndani ya unga.

Ukiongeza unga wa muhogo juu ngano iko bei, usipite sehemu moja kwa kumi. Muhogo hauna ile nguvu ya kuvutika inayoshika hewa ndani ya mkate. Na juu ya joto letu, usiende sokoni ukaacha kinyunga kikivimba. Kikiisha kuwa mara mbili, kazi yake imekwisha. Ukikiacha, kitapanda kisha kitaanguka chenyewe na kunuka uchachu.

Furu nayo ina alama zake. Ukiwasha moto, dari yake inakuwa nyeusi kwa moshi. Endelea mpaka ule weusi uungue na udongo urudie weupe. Ondoa makala, pangusa, tupa unga kidogo chini. Ukiwa mweusi mara moja, ngoja. Ukigeuka rangi ya kahawia polepole, ingiza mikate.

Pili bustani. Mama alisikia kwamba mavi ya kuku yanatia nguvu udongo, na ni kweli. Lakini aliyatoa mabichi ndani ya kibanda cha kuku na kuyamwaga siku ile ile kwenye mashina ya lengalenga changa. Mavi ya kuku yakiwa mabichi ni makali, yanaunguza mizizi. Majani yanakauka pembeni sawa yamepitiwa na moto, na asiyejua anasema jicho baya limepita hapa.

Dawa yake ni kuvumilia. Changanya mavi na majani makavu, weka fungu chini ya kivuli, nyunyiza maji kidogo, ligeuze kila wiki mbili. Ndani litapata joto. Nyuma ya miezi miwili au mitatu litapoa, litanukia udongo wa msituni, na hapo ndipo lengalenga yako itakushukuru. Kama kitalu kimekwisha kuungua, ondoa mavi, mwagia maji mengi, kisha panda upya. Lengalenga haikawii: wiki nne hivi na unachuma.

Tatu bati. Seremala aliingia ndani ya nyumba saa sita mchana, akafunga mlango na dirisha, akatazama juu. Matundu yalionekana sawa nyota. Misumari mingi ilipigwa ndani ya bonde la bati, pale maji ya mvua yanapopita, kuliko kupigwa juu ya mgongo. Kila musumari wa bondeni ni mlango uliofunguliwa kwa maji. Tena tundu halikuwa juu ya gunia. Lilikuwa mbali kama mita mbili. Maji yalitembea juu ya mti wa paa na kudondoka pale mti unapoinama. Kwa hiyo, ukitafuta tundu, usitazame tu juu ya pale palipolowa. Fuata mti kwa upande wa juu.

Ukitengeneza, tia kijiti chembamba ndani ya tundu ukiwa chini, ili aliye juu akione. Msumari mpya upigwe mgongoni, na chini ya kichwa chake weka kipande cha mpira wa gurudumu. Tundu la zamani lizibe kwa godoro, ile lami ya barabara, na kipande cha kitambaa. Mwenye kupanda akanyage kwenye mstari wa misumari, pale palipo mti. Akikanyaga katikati ya bati, tutaongea juu ya mguu uliovunjika.

Mambo matatu, sababu tatu, na hakuna hata moja yenye jina la mtoto. Jirani aliondoka bila kusema kitu. Mama yeye alinyamaza kwa muda, kisha akamwita kijana mbele yetu sote, akamwambia: “Mutoto wa dada yangu, nilikukosea. Rudia ndani.” Ninamsifu kwa hilo kupita mikate yake yote. Wakubwa wengi wakijua kweli wanaachilia tu maneno yapoe. Lakini mtoto aliyeitwa mlozi mbele ya watu, anapaswa kusafishwa mbele ya watu.

Wasomaji wajue pia kwamba hili si jambo la huruma tu. Ni sheria. Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu 41, inakataza kumshitaki mtoto ulozi. Nayo sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto, kifungu 160, inaweka azabu: kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, na malipo ya franka za Kongo 200,000 mpaka 1,000,000. Haisemi “isipokuwa mchungaji” wala “isipokuwa mama mudogo”.

Wengine watauliza: “Pasta, basi hauamini kama Mwovu yuko?” Ninaamini. Lakini Mwovu akitaka kuvunja nyumba, hana kazi na levire. Inamtosha mkubwa amchukie mdogo.

Sasa niende mbali kidogo na mkate, kwa sababu kosa hili hili linafuata magonjwa yanayotoka jikoni kwetu wenyewe. Nitataja mawili.

La kwanza linatoka kwa muhogo mchungu. Watoto, au mama walio na nguvu, wanaamka siku moja na miguu yote miwili imekakamaa. Wanatembea juu ya vidole, na haiponi. Kule Kwango watu waliita ugonjwa huu konzo, na munganga Trolli aliandika juu yake mwaka 1938. Unakuja pale watu wanakula muhogo mchungu siku nyingi bila kuulowesha vya kutosha, na bila maharagi, samaki wala nyama. Mara nyingi ni wakati wa njaa au wa kukimbia vita, ambapo muhogo unalowa usiku mmoja tu mahali pa tatu au ine. Sumu yake inabaki ndani ya unga. Ukiwa na shaka juu ya unga, uchanganye na maji, utandaze juu ya kitanga, unene usipite sentimeta moja, uache saa mbili kwenye jua kali au saa tano kivulini. Sumu nyingi itatoka na hewa. Kisha pika bugali siku ile ile.

La pili ni la machimbo ya zahabu: zebaki, ile wengi wanaita merkire. Papa anarudi nyumbani na kidonge chake, anakiweka juu ya mbabula ya mama ili zebaki iondoke na zahabu ibaki. Moshi wake hauna harufu, macho hayauoni. Unaingia ndani ya mapafu ya kila mtu aliye karibu, na unatulia juu ya kuta, nguo na sufuria. Nyuma ya miezi, mtu anaanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kukasirika bure, kusahau. Mama mwenye mimba na mtoto mdogo ndio wanaopata hasara kupita. Jamaa inasema: wamemroga juu ya zahabu yake. Hapana. Amejiroga kwenye mbabula.

Si sisi tu tuliopotea hivi. Katika mji wa Minamata, inchi ya Japani, mwaka 1956 waganga waliandika habari za ugonjwa wasioujua: watu wanatetemeka, kusema kunawashinda, hata paka wanayumbayumba sawa walevi. Majirani wakawakimbia wagonjwa wakizani ugonjwa unaambukiza. Sababu ilikuwa zebaki ambayo kiwanda kilimwaga baharini, ikaingia ndani ya samaki. Serikali yao ilikubali hivyo mwaka 1968, miaka kumi na miwili nyuma. Ile ya samaki na moshi wa mbabula si namna moja, lakini zote mbili zinaharibu ubongo. Mapatano ya mataifa mengi, yaliyoitwa kwa jina la mji ule na kufanywa mwaka 2013, yanataka kukomesha kabisa kuchoma zebaki pahali watu wanapokaa. Papa msomaji, kama kazi hiyo haikuachi, ifanye mbali na nyumba, kwa chombo cha kufungwa kinachorudisha moshi kuwa zebaki tena. Na sufuria iliyogusa zebaki isirudie kupika chakula hata kidogo.

Basi tufanye namna gani kitu kikiharibika? Ninawaomba mambo matatu. Moja, mbele ya kutaja jina la mtu, ngoja siku moja. Mbili, andika nyuma ya kalenda kile ulichofanya: levire ulinunua siku gani, mavi ulimwaga lini, mvua ilikuja kwa upande gani. Tatu, uliza mwenye kujua kazi ile. Katika kila mtaa kuna koko wa mikate, mkulima na seremala. Ukikosa wote, andikia ukurasa huu.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya maji ya kisima wakati wa mvua. Chemsheni yenu tangu leo, msiningoje. Tubaki na amani.

Mchungaji wenu, Alunguli