Usilipie Kupandwa, Lipia Ndama



Wiki iliyopita nilipita kwa mama mmoja katika kata yetu. Ana ng'ombe mmoja wa maziwa, chotara wa Friesian, na ng'ombe huyo ndiye anayesomesha watoto wake wawili. Amempeleka kwa dume mmoja mara nne. Mara nne amelipa, na mara nne ng'ombe amerudi kwenye joto. Nilipomuuliza kwa nini hajabadilisha dume, alinijibu: "Bwana mifugo, si unaliona lilivyo kubwa?"

Jibu hilo ndilo limenifanya niandike leo. Tunalipia madume kwa kutazama mwili, na wenye madume wanajua hivyo. Wananenepesha dume, wanamwogesha, wanataja ada. Wewe unalipa palepale, dume akishashuka tu. Ng'ombe asiposhika mimba, hasara ni yako. Akishika akazaa mtamba asiye na maziwa, hasara ni yako pia. Mwenye dume hana anachopoteza. Hiyo si biashara, ni bahati nasibu, na tiketi unanunua wewe peke yako.

Tupige hesabu kidogo. Ng'ombe asiposhika mimba hurudi kwenye joto baada ya siku 21 hivi. Mara nne ni siku 84. Tuseme baada ya kuzaa angekupa lita 8 kwa siku, na lita moja unauza shilingi 1,000. Siku 84 ni shilingi 672,000 ambazo zimesogezwa mbele, na chakula anakula kila siku. Weka kando ada ya dume. Hiyo ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

Sasa nitakupeleka mbali kidogo, kwa wafugaji wa farasi wa mbio wanaoitwa Thoroughbred, kule Kentucky, Marekani, na Newmarket, Uingereza. Sababu ni moja. Huko ada ya dume inaweza kuzidi bei ya nyumba nzuri mjini, kwa hiyo makosa yao yanaonekana kwa macho. Tena kwa farasi hao uhimilishaji hauruhusiwi. Ni lazima dume ampande jike mwenyewe, kama dume wa jirani yako.

Mwaka 2006, huko Florida, farasi mdogo aliyeitwa The Green Monkey aliuzwa dola milioni 16. Alikuwa na mwili mzuri, ukoo mzuri na mbio nzuri siku ya majaribio. Alishindana mara tatu tu na hakushinda hata mara moja. Alipopelekwa kupandisha, ada yake ilikuwa dola 5,000. Mwili wote ule na ukoo wote ule, soko likampa alichostahili.

Mwingine ni Cigar. Huyu hakuwa wa maneno matupu: alishinda mbio 16 mfululizo, na jumla ya zawadi zake ilikaribia dola milioni 10. Alipostaafu alipelekewa majike 34. Hakuna hata mmoja aliyeshika mimba. Alikuwa tasa. Nguvu za mwili na uwezo wa kuzalisha ni vitu viwili tofauti, na jicho halioni cha pili.

Mtazame na Northern Dancer wa Kanada. Alipokuwa mdogo mwenyewe alimtangazia bei ya dola 25,000 na hakuna aliyemtaka, kwa sababu alikuwa mfupi. Mwaka 1964 alishinda Kentucky Derby. Alipoanza kupandisha, ada yake ilikuwa dola 10,000. Katika miaka ya 1980 nafasi moja kwake ilifika dola milioni moja. Nini kilipandisha ada? Hakurefuka. Watoto wake walianza kushinda, mmoja akiwa Nijinsky, aliyeshinda mbio tatu kubwa za Uingereza mwaka 1970.

Wa karibuni ni Into Mischief wa Kentucky. Alianza mwaka 2009 kwa dola 12,500, akashushwa hadi 7,500 kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika naye. Watoto wake walipoanza kukimbia, ada ilipanda, na mwaka 2022 ilikuwa dola 250,000. Ni dume yuleyule. Kilichobadilika ni ushahidi.

Kutoka kwa matajiri hao nataka uchukue mambo mawili tu.

La kwanza: thamani ya dume iko kwa watoto wake. Mwili wake, jina lake na maneno ya dalali mnadani havitoshi.

La pili, na hili ndilo wenye madume hawatapenda kulisikia: huko mikataba mingi inasema ada inalipwa mtoto akizaliwa hai, akasimama na kunyonya. Jike asiposhika mimba, au mtoto akizaliwa amekufa, hakuna malipo. Ikiwa mtu mwenye dume wa mamilioni anakubali kusubiri mtoto asimame, wa kijijini kwetu anaogopa nini?

Najua watasema nini. Watasema, "Ng'ombe wake amekonda, kamleta joto limeshapita, halafu analaumu dume wangu." Wana haki hapo. Ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi apelekwe siku hiyohiyo jioni. Aliyeonekana jioni, kesho yake asubuhi mapema. Anayedhoofika kwa njaa hatashika mimba hata kwa dume bora. Huo ni wajibu wako, usimbebeshe mwenye dume.

Basi mgawane hatari. Lipa nusu siku ya kupandisha, maana dume anakula na ana mchungaji. Nusu ya pili lipa daktari wa mifugo akithibitisha mimba, au ndama akisimama na kunyonya, mtakavyokubaliana. Akirudi kwenye joto, apandwe tena bila kulipa upya. Akirudi mara tatu, muiteni daktari awapime wote wawili. Andikeni kwenye daftari, wote mtie saini. Mwenye dume mzuri atakubali, maana anajua atalipwa. Anayekataa kabisa amekwisha kukuambia jambo kuhusu dume wake.

Kabla ya kutoa hata shilingi, uliza maswali haya:

1. Mabinti zake wako wapi? Nenda ukawaone, angalau watatu, katika nyumba tofauti. Walinganishe na ng'ombe wengine wa umri huohuo katika banda lilelile, wanaokula chakula kilekile. Binti anayelishwa pumba na mashudu kila siku atampita wa jirani anayekula mabua. Hapo unasifia chakula, si dume.

2. Ng'ombe wangapi walipandwa miezi mitatu iliyopita, na wangapi walirudi? Asiyeandika hajui. Waulize wenye ng'ombe wenyewe.

3. Korodani zikoje? Ziwe mbili, zinazokaribiana kwa ukubwa, zisizo na uvimbe. Kwa dume wa kizungu aliyezidi miaka miwili, mzunguko wake ukipimwa kwa futi ya fundi cherehani unatakiwa kufika sentimita 34. Ng'ombe wa asili huwa na kipimo kidogo kuliko hicho.

4. Amepimwa brusela? Je, kuna ng'ombe waliotupa mimba huko anakozunguka? Dume anaweza kutoa ugonjwa wa uzazi kwa ng'ombe mmoja akampelekea mwingine. Tena brusela inampata binadamu anayekunywa maziwa mabichi.

5. Baba wa mtamba wako ni nani? Dume akikaa kijijini zaidi ya miaka mitatu ataanza kuwapanda binti zake. Ndama wa uzao huo hudhoofika, na wengine huzaliwa na kasoro. Badilishaneni madume na vijiji vingine.

Dume kijana ambaye bado hana watoto? Angalia maziwa ya mama yake na dada zake, na ada yake iwe ndogo mpaka aoneshe kazi. Hapo wewe ndiye unayemfanyia majaribio kwa ng'ombe wako, usilipie majaribio hayo bei ya ushahidi. Na ukitumia mbegu za mrija, maswali hayabadiliki: kwenye mrija kuna jina au namba ya dume, iandike, na muulize mhimilishaji mabinti wa dume huyo wanatoa maziwa kiasi gani.

Kuna wanaoniambia, "Mimi natumia dume wa shemeji, ni bure." Hakuna dume wa bure. Mimba ni miezi tisa. Mtamba atazaa mara ya kwanza akiwa na miaka miwili na nusu, mara nyingi mitatu. Kwa hiyo ukikosea dume leo, utajua karibu miaka minne ijayo, siku utakapokamua na ndoo isijae. Miaka yote hiyo umemlisha.

Nasi watu wa mifugo hatuna mikono safi. Kwenye maonyesho tumewavisha madume utepe kwa ukubwa wa shingo, na hakuna aliyeuliza mabinti wanakamuliwa lita ngapi. Mimi mwenyewe nilipiga makofi. Wafugaji wakatuona, wakajifunza kutoka kwetu. Kwa hiyo yule mama hakukosea peke yake. Sisi ndio tuliomfundisha kutazama shingo.

Jana nilirudi kwake na daktari wa mifugo. Ng'ombe hana tatizo lolote. Kumbe wenzake watatu waliopelekwa kwa dume huyohuyo nao wamerudi kwenye joto, na kila mmoja alikuwa amenyamaza akidhani ng'ombe wake ndiye mbovu. Hawakuwa wameulizana.

Ulizaneni. Kesho kabla hujafungua zizi, pita kwa majirani watatu uwaulize dume wao ni yupi na ng'ombe wao walishika mara ya ngapi. Swali hilo ni la bure, na lingemwokolea yule mama siku 84.