Anayeogopa Mvua Si Mwoga

Miongoni mwa askari waliozaliwa upande wa Mlima Elgon, ambao wenyeji wake huuita Masaba, wapo wasiopata usingizi mvua inapoanza kunyesha usiku. Askari wa namna hiyo yumo kambini, mbali sana na kwao, chini ya bati lisilovuja. Walakini masikio yake yako mlimani, kwenye mteremko anapolala mama yake. Huamka, hupiga simu isiyopokelewa, na asubuhi hufika gwarideni macho yakiwa mekundu. Wenzake husema amelewa. Mkewe hudhani amepata mwanamke mwingine. Yeye mwenyewe hunyamaza, kwa kuwa huona aibu mtu aliyefundishwa kusimama mbele ya risasi kukiri kwamba anaogopa mvua.

Yafaa ieleweke katika nyumba za askari kwamba hofu hiyo ina asili yake. Jioni ya tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua nyingi, mlima uliporomoka huko Nametsi, wilaya ya Bududa. Udongo ulizika nyumba, maduka na kituo cha afya ambamo baadhi ya watu walikuwa wamejikinga na mvua. Waliofariki wanakadiriwa kuwa zaidi ya 300, na wengi wao miili yao haikuonekana kamwe. Askari wa jeshi walipelekwa kuwatafuta, na kwa sababu njia ilikuwa mbaya kwa mashine kubwa, walichimba kwa majembe na koleo. Mwaka 2012 mlima ulianguka tena Bududa. Tarehe 11 Oktoba 2018 mto ulifurika huko Bukalasi, ukabeba mawe, nyumba na watu. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli. Mtu aliyeyaona hayo, au aliyeyachimba kwa mikono yake, hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya wingu jeusi.

Wala hofu yake haitazami nyuma tu. Miteremko ile ni mikali, udongo wake una mfinyanzi unaonywa maji ukawa mzito, na miti mingi imekatwa ili watu wapate mahali pa kulima. Juu ya hayo, dunia inazidi kupata joto. Joto likiongezeka kwa digrii moja, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, na mvuke huo huteremka kama mvua kubwa kuliko ile waliyoizoea wazee. Kwa hiyo anayeogopa masika ijayo haoti ndoto. Amepiga hesabu.

Hali hii imechunguzwa katika nchi nyingine pia. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya uchunguzi uliofanywa kwa vijana 10,000 wenye umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa mojawapo. Karibu 6 katika kila 10 walisema wana wasiwasi mkubwa juu ya mabadiliko ya tabia ya nchi, na zaidi ya 45 katika kila 100 walisema wasiwasi huo unaharibu maisha yao ya kila siku. Kabla ya hapo, mwaka 2003, mwanafalsafa wa Australia aitwaye Glenn Albrecht alibuni neno solastaljia baada ya kuwasikiliza watu wa bonde la Hunter, ambako machimbo ya makaa ya mawe yaliila ardhi yao mbele ya macho yao. Kila kuruta ameonja uchungu wa kuwa mbali na kwao. Albrecht alitaja uchungu ulio kinyume: mtu hajaondoka kwao, bali kwao ndiko kunakoondoka.

Waliookoka Nametsi walipata uchungu wa aina zote mbili. Mwaka 2010 mamia ya jamaa walihamishiwa Kiryandongo, nchi ya tambarare, ambako hakuna mlima wa kumwangukia mtu na mahindi hustawi. Hata hivyo baadhi yao walirudi Bududa. Wapo waliowaita wakaidi, na hukumu hiyo ilikuwa ya haraka mno. Mtu huyo ameacha mibuni yake, migomba, malewa yanayokaushwa kwa moshi, ubaridi wa asubuhi, makaburi ya wazazi, na ngoma za imbalu zinazolia kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Gunia la mahindi haliwezi kulipa vitu hivyo vyote.

Basi afanyeje mwenye hofu hii? Kwanza aiseme. Huko Masaka na Rakai, ambako ukimwi ulikuwa umeacha huzuni karibu katika kila nyumba, wataalamu waliwasikiliza kwanza wanavijiji wenyewe, nao wakataja magonjwa mawili ya moyo kwa Kiganda: la mtu kujichukia na la mtu kujisikitikia. Kisha watu wakakusanywa katika vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, wakazungumza mara moja kwa juma kwa majuma 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa kwa muda mfupi tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003. Katika vijiji vyenye vikundi, waliobaki na huzuni nzito walikuwa 6 au 7 tu katika kila 100. Katika vijiji visivyokuwa navyo, walibaki zaidi ya nusu. Kina mama wa kambini hukutana tayari kwenye bomba la maji na katika vikundi vya akiba. Hapana gharama kuongeza nusu saa ya mazungumzo ya namna hiyo.

Lakini asiyelala kwa majuma mawili, anayekunywa pombe ili apate usingizi, anayepiga watoto bila sababu au anayetaja kufa, huyo mazungumzo ya bombani hayamtoshi. Apelekwe kwa mganga wa kikosi, naye atajua kama ni wa kutibiwa hapo au wa kupelekwa Butabika, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1955 na ambayo watu wangali wakiitania bila haki. Na silaha yake ibaki ghalani mpaka apone. Mke anayemdokezea afande jambo hilo mapema hamsaliti mumewe.

Pili, mikono ipewe kazi. Askari akipata likizo, autembee mteremko wa kwao pamoja na wazee, akitafuta nyufa mpya, miti iliyoanza kuinama, chemchemi iliyozuka pasipokuwa na maji. Achimbe mtaro wa kuyapitisha maji mbali na nyumba, apande mringaringa katikati ya mibuni. (Mizizi hushika udongo wa juu, ufa unaopita chini ya mizizi haujali mti, na aliye juu ya ufa wa namna hiyo hana budi kuhama.) Wakubaliane nyumbani ni nani atakayemshika bibi mkono usiku, na watakimbilia wapi. Kambini nako, kipande cha ardhi nyuma ya nyumba kipandwe mchicha. Katika uchunguzi wa watu karibu 20,000 wa Uingereza, uliotangazwa mwaka 2019, waliokaa mahali penye majani na miti dakika 120 au zaidi kwa juma walijiona wenye afya na furaha kuliko wasiofika huko kabisa. Huenda wenye afya ndio wanaotoka nje. Hata hivyo mchicha utaliwa.

Watoto nao husikia redioni kwamba dunia inaharibika, na wasiambiwe kuwa ni uongo. Mtoto apewe kopo lenye pande zilizonyooka, aliweke mahali pa wazi, na kila asubuhi apime kwa rula maji ya mvua yaliyoingia, aandike milimita katika daftari na kulimwaga. Jumapili, simu ikipigwa mlimani, yeye ndiye amsomee bibi tarakimu za juma zima, naye bibi amweleze mvua ya huko ilikuwaje.