Michoro ya Kwantumu Isiwe Milki ya Mtu

Maadamu wanazuoni na wafanyabiashara wamekwisha kushikana mikono ili kutunga programu za kompyuta za kwantumu kwa njia ya michoro badala ya majedwali ya namba, yafaa tuulize mapema, kabla mali haijawa nyingi, elimu inayozaliwa na ushirikiano huo itakuwa milki ya nani. Na rai yangu ni kwamba haijuzu kuwa milki ya yeyote.

Ugumu wa kazi yenyewe ni huu. Hali ya kyubiti 10 tu, yaani vijenzi vya msingi vya habari katika kompyuta ya kwantumu, huandikwa kwa namba 1,024, na kitendo kimoja kinachozigusa zote kwa pamoja huhitaji jedwali lenye namba zaidi ya milioni moja. Na kila ikiongezwa kyubiti moja, namba za hali huwa maradufu, hata mwanadamu akashindwa kutambua programu inafanya nini na ni wapi inapojisumbua bure. Mwaka 2008 Bob Coecke na Ross Duncan, kutoka Chuo Kikuu cha Oxford, waliitoa hadharani lugha iitwayo ZX, ambayo ndani yake kila hesabu ni mchoro wa vifundo vya kijani na vyekundu, wenyewe huviita buibui, vilivyofungamanishwa kwa nyuzi. Buibui wawili wa rangi moja wakiunganishwa huwa mmoja, na pembe walizoandikiwa hujumlishwa. Nyuzi nazo hupindwa upendavyo, kwani kinachotazamwa ni nani kaungana na nani. Kanuni zake ni chache, lakini wanazuoni wa Uingereza na Ufaransa walikuja kuthibitisha, baada ya juhudi ya miaka mingi, kwamba zikikamilishwa vyema zatosha, yaani kila ulinganifu ulio kweli waweza kufikiwa kwa kuchora tu.

Kampuni zilikuja baadaye, zikiwa na haja yao dhahiri. Mashine za kwantumu hukosea upesi, na katika njia za kusahihisha makosa yake lango, yaani kitendo cha msingi, liitwalo T aghalabu ndilo lenye gharama kubwa, hivyo kila T inayoondolewa ni nafuu. Aleks Kissinger na John van de Wetering, kwa programu yao PyZX iliyo wazi kwa kila mtu, walionyesha kwamba sakiti, yaani mfuatano wa malango, ikigeuzwa kuwa mchoro, ukafupishwa, kisha ukarudishwa kuwa sakiti, malango hayo huweza kupungua sana. Duncan na Coecke wote wawili waliingia katika kampuni ya Cambridge Quantum, ambayo mwaka 2021 iliungana na tawi la kwantumu la Honeywell ikawa Quantinuum, na chombo chao cha kuandaa sakiti, TKET, kikafunguliwa kwa umma mwaka huohuo.

Wala si kweli kwamba chuo hutoa na kiwanda hupokea tu. Namna ya kuurudisha mchoro uwe sakiti inayoendeka ni swali lililopata uzito kwa sababu ya haja ya mashine. Na mwaka 2022 ilithibitishwa kwamba, kwa mchoro wowote ule usio na sharti, kazi hiyo ni ngumu kupita kiasi. Ndiyo sababu watafiti hujitahidi kuulinda, wakati wa kufupisha, mpangilio maalumu unaoruhusu kurudi. Matokeo kama hayo, yenye faida kwa nadharia na kwa biashara pamoja, ndiyo yanayonifanya niutetee ushirikiano huu kwa moyo wote.

Nautetea kwa sababu nyingine pia. Katika kiangazi cha mwaka 2023, Oxford na Quantinuum waliwafundisha vijana wa Uingereza wa umri wa miaka 16 hadi 18, kwa wiki 8, kwa njia ya michoro, kisha wakawapa mtihani wenye maswali ya kiwango cha chuo kikuu. Wapatao wanne katika kila watano walifaulu. Lugha inayomfungulia mlango kijana wa sekondari haifai kutiwa kufuli.

Historia nayo ina funzo. Tarakimu tunazozitumia leo zilitoka Bara Hindi zikapita kwa Waarabu, na mwanahisabati Leonardo wa Pisa alizijifunza Bejaia, katika Afrika ya Kaskazini, alikokuwa babake akiwahudumia wafanyabiashara wa kwao, kisha akazieneza Ulaya kwa kitabu cha mwaka 1202 kilichojaa hesabu za biashara. Lau tajiri mmoja angaliweza kumtoza ushuru kila aandikaye sifuri, hisabati ya ulimwengu ingalidumaa. Sisemi kampuni isipate faida: mashine ni zake, na ufundi wa kuitumia lugha hiyo katika mashine hizo ni jasho la watu wake. Lakini kanuni za lugha ni jambo jingine.

Basi nawasihi wanaotia sahihi mapatano baina ya vyuo na kampuni waandike wazi kwamba kanuni za michoro na uthibitisho wake vitachapishwa bila sharti wala malipo. Na idara za hisabati za vyuo vyetu vya Afrika ya Mashariki zisingoje kununua mashine: lugha ya ZX husomwa kwa karatasi na kalamu mbili za rangi, na PyZX hupatikana bure.